Mama Mita, Aliyeandika Nyota Nyuma ya Fomu za Maji

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa Idara ya Maji, na nyinyi wasomaji wake mliojaa kule nyuma na vitabu kwapani kana kwamba atainuka awasainie, poleni sana, kaeni mliopata viti, na mliokosa simameni vizuri, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo na anayeisoma ni mimi, mtoto wa mdogo wake, niliyeishia kidato cha pili, fundi friji ambaye mtaa huu mzima mnakunywa maji baridi kwa mikono yangu. Najua mlitegemea asome Dada, binti yake wa kumzaa, mwalimu wa kemia, mwenye shahada mbili na sauti ya redio, na kweli Dada aliandika kurasa mbili safi, nami tarehe zake nimezichukua zote, lakini marehemu mwenyewe alisema akiwa kitandani, mbele ya familia na muuguzi mmoja, kwamba atakayesoma ni Kipimo, yaani mimi, kwa sababu, na haya ni maneno yake, "huyu akichoshwa na maneno yake mwenyewe atakaa chini, nyinyi wengine hamna breki." Kabla sijaanza, naomba mchapishaji wa vitabu vyake, yule mwenye miwani safu ya pili, asiondoke mapema, kuna jambo lake humu ndani, na ni lazima liishe leo, maana mashine zake zinaanza kuchapa kesho asubuhi.

Mama Mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mama Mita, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba seremala wa mabehewa na mama mpishi wa hospitali, na inasimuliwa kwamba alipozaliwa hakulia, alitazama taa. Mimi hilo siliamini, mtoto mchanga haijui taa wala dirisha, lakini mama yangu mzazi, aliyekaa hapo mbele, amenionya kwamba nikilitoa nitakula makofi na ukubwa wangu huu, basi nimeliacha.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, shule ile ya karibu na stesheni, akamaliza mwaka 1970, na huko ndiko alikopata sifuri yake ya kwanza na ya mwisho, mwezi Mei 1968, akiwa darasa la tano, pale walipoambiwa waandike insha ya siku ya mvua, wenzake wakaandika miavuli na matope, yeye akaandika mvua inayotoka ardhini kwenda juu, watu wameshika miavuli chini ya nyayo, mwalimu akavuta mstari mwekundu ukurasa mzima na kuandika, "Mvua haipandi." Daftari lile alilitunza miaka ishirini na moja, na kitabu chake cha kwanza, Mvua Inayopanda, kilipozinduliwa tarehe 3 Septemba 1989, mwalimu yule, ambaye sasa alikuwa mstaafu mwenye mkongojo, alikuja, akapanga foleni kama watu wote, akachukua nakala mbili, na marehemu akamsainia neno moja tu, "Imepanda," wakacheka mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Masomo ya sekondari aliyapata kuanzia 1971 hadi 1974, akafaulu hesabu na fizikia kuliko wavulana wote wa darasa lake, jambo ambalo alinikumbusha kila siku tangu nilipoacha shule, na tarehe 1 Julai 1976, baada ya mafunzo ya miezi sita, aliajiriwa na Idara ya Maji kama msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita bila kubadilisha hata aina ya viatu, akipita nyumba kwa nyumba na nondo fupi ya kufungulia vifuniko, tochi, kalamu ya risasi, na bunda la fomu zenye mistari mbele na weupe nyuma. Watu walidhani anasoma namba, kumbe chini ya kila kifuniko yeye alikuwa anaona dunia nyingine, huku chura mfalme, kule siafu wenye jeshi, pale giza lenye sauti ya maji yanayokwenda asikokujua, naye akifunga kifuniko anakaa kwenye ukingo wa barabara, anageuza fomu, anaandika.

Ndivyo ilivyotokea kosa la Machi 1991, ambalo wazee wa idara mlioko hapa mnalikumbuka vizuri sana, msijifanye, pale alipokabidhi ofisini fomu za mtaa mzima wakati nyuma yake kuna sura ya tatu hadi ya saba ya Malkia wa Mabomba, karani akageuza moja kwa bahati mbaya, akasoma, akampa mwenzake, mwenzake akampa mlinzi, fomu zikazunguka jengo lote kwa siku tisa na mtaa mzima ukakosa ankara zake, mpaka mkuu wa idara akamwita Mama Mkubwa ofisini, akafunga mlango, akamwacha amesimama dakika nzima akijua kazi imekwisha, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa yule malkia, bomba lilipopasuka, alitoka?" Akajibiwa kwamba hilo liko kwenye fomu za mtaa unaofuata, na tangu siku hiyo idara ikampa karatasi zake mwenyewe, ambazo hakuzitumia, alisema haziandikiki kama hazina namba za watu upande wa pili.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na mume wake, Baba Mkubwa wetu huyu, tarehe 17 Novemba 1981, ndani ya lifti ya makao makuu ya idara, iliyokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikiwa na watu wawili tu, yeye, na fundi aliyetoka kuitengeneza asubuhi ileile. Baba Mkubwa, samahani, lakini historia ni historia. Walikaa humo dakika arobaini, na katika dakika hizo yeye alimuuliza fundi kwamba lifti hii ikikataa kusimama juu itaishia wapi, mwanamume mwingine angesema itaishia kwenye dari, mama tulia, lakini Baba Mkubwa alitoa kalamu sikioni akaanza kupiga hesabu ukutani mwa lifti, uzito wa waya, urefu wa waya, waya utakatika kwa uzito wake wenyewe umbali gani, na walipokuja kuokolewa walikataa kutoka kwa sababu hesabu ilikuwa haijaisha. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, hesabu ile ikazaa kitabu cha tatu, Ghorofa ya Elfu Tisa, mwaka 1998, kile cha lifti inayokwenda hadi mwezini na watu wanaozaliwa na kuzeeka njiani, na ndoa yenyewe ikajaliwa mtoto mmoja, Dada, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1985, na baadaye sana, Januari 2011, ikanipokea na mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, mama yangu alipohamishiwa kazi mji mwingine, nikaja kwa muda wa miezi mitatu na mpaka leo sijarudi.

Vitabu vyake vyote ni saba, na nikitaja kimoja kimoja tutazikana hapahapa, ila siwezi kuruka Duka la Vivuli, cha mwaka 2005, kile cha mtaa ambao watu wanapeleka vivuli vyao kushonwa vikichanika, kwa sababu jirani wetu wa nyumba ya kona, mzee wangu, wewe uliyebishana naye kuhusu mita yako kwa miaka kumi na minne, lile zimwi la sura ya tatu, lenye kitambi, linalokalia kifuniko cha mita ili isisomwe, ni wewe, nawe umekuwa ukiwagawia wageni wako kitabu hicho kwa fahari. Usikasirike, ukifika sura ya kumi na moja zimwi ndilo linalookoa mtaa, alikupenda.

Sasa niseme kuhusu namna yake ya kufanya kazi, maana bila hiyo hamtaelewa jambo la mchapishaji. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja, kwamba hakuna sura inayosomwa kwa macho kabla haijasikika kwa masikio, na hakuna sura inayotoka mlangoni kabla haijasomwa kwa sauti sebuleni siku ya Jumapili saa tisa alasiri, yeye kwenye kiti cha mkono mmoja, Baba Mkubwa kwenye kochi, Dada kwenye mkeka, na kwa miaka mingi sheria hiyo haikumsaidia chochote, kwa sababu Baba Mkubwa hata angesomewa orodha ya vipuri angesema imemgusa moyo, na Dada alikuwa anapenda kila sentensi yenye maneno marefu. Basi Jumapili moja ya mwaka 2012, miezi michache baada ya yeye kustaafu, nikiwa nimelazimishwa kukaa, alisoma kurasa sita za joka linaloelezea ukoo wake, nikapiga mwayo, siyo mwayo wa adabu, mwayo wa taya kulia, Dada akanifinya, mimi nikasubiri kibao, lakini Mama Mkubwa akachukua kalamu, akaandika herufi M, ya mwayo, pembeni mwa ukurasa, akasema, "Hatimaye nimepata mtu." Jumapili iliyofuata ukoo wa joka ulikuwa umebaki sentensi mbili, joka lenyewe liliingia kwa kuvunja paa, na mimi nilisahau kupumua.

Kuanzia hapo nikaitwa Kipimo, na kazi yangu, ambayo nasema bila aibu hakuna profesa angeiweza, ilikuwa kukaa kwenye stuli ya jikoni na kuwa mimi, M moja sentensi inafutwa, M mbili ukurasa unaandikwa upya, M tatu sura nzima inachanwa na Baba Mkubwa anapewa awashie jiko, huku machozi yanamlengalenga. Nilipoacha shule Novemba 2016 ukoo mzima ulinijadili kama gari bovu, yeye peke yake ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi friji na kumwambia, "Huyu hawezi kudanganya hata kwa uso, atakufaa," na ilikuwa akiba nzuri, kwa sababu alipoanza Abiria wa Barafu, kile cha chombo kinachosafiri miaka mia tatu na watu elfu nne waliogandishwa, nilimsimamisha sura ya pili nikamwambia Mama Mkubwa, friji haitengenezi baridi, friji inahamisha joto, sasa hilo joto la watu elfu nne linakwenda wapi? Akapiga kelele ambayo jirani wa kona alidhani ni moto, akachana sura zote mbili, na joto lile likawa bustani ya nyuma ya chombo, ambayo nyinyi nyote mnaisifu, na kitabu kilipotoka mwaka 2019 ukurasa wa kwanza uliandikwa, "Kwa Kipimo, aliyeuliza joto linakwenda wapi." Nakala ninayo, imepigwa kava ya nailoni, inakaa karakana, wateja wote wameiona.

Ugonjwa wa figo ulianza kumsumbua Novemba 2023, na kuanzia Februari 2024 alikuwa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu, mashine aliyoipenda kupita kiasi, akawauliza wauguzi kila bomba linakotoka na linakokwenda, na walipomwekea chati ya kuandika kila tone la maji analokunywa alicheka mpaka mashine ikalia, akasema, "Miaka thelathini na sita nimesoma mita za watu, leo mita ni mimi." Wakati wote huo alikuwa anaandika kitabu cha saba, Nyota ya Saba Haina Mlango, kile mnachokisubiri, na nguvu zikapungua, lakini Jumapili hazikupungua.

Hapa ndipo kurasa za Dada zilipokuwa fupi, na hapa mimi nitayasema yote. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Januari 2025, alitusomea sura ya mwisho akiwa kitandani, mito mitatu mgongoni, mkononi bado ana plasta ya sindano, na sura ile, ndugu zangu, ilikuwa ya rubani anayefika kwenye nyota akasimama akahutubia kurasa tisa kuhusu upendo na binadamu. Kurasa tisa. Alipofika ukurasa wa nne mwayo ukaja kama lori lisilo na taa, nikamwangalia, nikaona ile plasta, nikaona Baba Mkubwa amegeukia ukuta, nikauma meno, nikaumeza, machozi yakanitoka, na alipomaliza akauliza, "Kipimo?" nikajibu, "Hakuna, Mama Mkubwa, safi." Miaka kumi na miwili na zaidi sikuwahi kumdanganya, nikamdanganya siku aliyonihitaji. Jumatatu asubuhi Dada alipeleka sura kwa mchapishaji, marehemu akalazwa tarehe 20 Januari, na mimi nikarudi kwenye friji zangu nikijisifu kwamba nimekuwa mtu mzima mwenye huruma.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na sisi watatu tukiwa tumekaa wodini kwa mpangilio uleule wa sebuleni, wa kochi, wa mkeka, wa stuli.

Jumanne tulipofungua mkoba wake wa hospitali tulikuta nakala yake ya sura ile, kurasa zote safi, isipokuwa ukurasa wa nne, ambako ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi, "M, imemezwa. Mtoto kanionea huruma. Sura imelala, niiamshe," na chini yake kulikuwa na chati kumi na moja za maji ya mgonjwa, mbele mililita za kila siku, nyuma maandishi yake, na chini ya ile ya mwisho, ya tarehe 6 Februari, neno Mwisho lenye mistari miwili, kama alivyofunga vitabu vyote. Hatujui ameandika nini. Dada alizifunika palepale kwa kitambaa, kwa sababu ya sheria ya nyumba, na ziko sebuleni juu ya kiti cha mkono mmoja.

Mchapishaji, ndugu yangu, tulipokupigia simu ulisema jambo la haki kabisa, kwamba sura ya kurasa tisa ndiyo uliyopewa kwa idhini yake, imepita sebuleni, imekosa M, imepangwa, na hizi chati hakuna aliyezipima, sasa utamsikiliza nani? Jibu ninalo leo, nalo nalitoa mbele ya watu hawa wote na mbele ya jeneza lake, ile idhini ni batili, iliipitisha huruma yangu, mwayo ulikuwepo, ukurasa wa nne, na kama ningeuachia mbele yake angekuwa na wiki nne za kuiandika upya badala ya mbili na nusu. Simamisha mashine zako kesho. Jumapili hii, tarehe 16, saa tisa alasiri, njoo nyumbani, Baba Mkubwa amekubali kusoma, amezoea kupiga hesabu siyo kusoma, atakwama hapa na pale, tutamvumilia, na mimi nitakaa kwenye stuli yangu. Namwona mchapishaji amevua miwani na anatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au ni shingo, basi nimeihesabu kuwa ndiyo, na mashahidi mmejaa mpaka barabarani.

Familia inawashukuru madaktari na hasa wauguzi wa chumba cha mashine, waliomwongezea chati tupu kila alipoomba wakijua kabisa si za maji tu, inawashukuru majirani wote pamoja na zimwi letu la kona, ambaye tangu Jumapili ndiye aliyekuwa anachemsha chai ya msiba bila kuambiwa, inawashukuru Idara ya Maji kwa gari, kwa turubai hizi na kwa kutomfukuza mwaka 1991, inawashukuru wasomaji mliokuja kwa basi na kwa miguu, na kama nimemsahau mtu asinune, aje karakana, friji yake nitaiangalia bure, mara moja.

Mama Mkubwa, sitakuahidi kwamba nitazipenda hizo chati kumi na moja, hilo hukulitaka kwangu hata siku moja. Kalamu yako Dada ameichonga, iko juu ya meza. Zikistahili nitasahau kupumua, zikilala nitapiga mwayo wa taya kulia, Baba Mkubwa ataandika M, na mchapishaji atajua la kufanya. Wewe pumzika, kwa amani yako yote, mimi simezi tena.